Kinga ya Shingoni

Leo nasema na watu wa Ndanda, wa Masasi mjini, wa Chiwata, wa Newala na vijiji vyote vya juu uwandani, juu ya kitu ambacho wengi wetu tumewahi kukivaa, au tulivishwa kabla hatujajua kusema. Nazungumzia hirizi na ndugu zake. Nasema ndugu zake kwa sababu ni wengi, na baadhi yao wanaishi katika nyumba ambazo usingetarajia kuwakuta.

Nianzie abasiani. Ndanda yetu ilianzishwa mwaka 1906 na watawa Wabenedikto kutoka Mtakatifu Otilia, Bavaria, kule kusini mwa Ujerumani, na mpaka leo Wakatoliki wengi wa bonde hili huvaa medali ndogo ya Mtakatifu Benedikto. Kama unayo, ivue kidogo uitazame. Upande mmoja amesimama mzee mwenye ndevu, mkono mmoja ameshika msalaba, mwingine ameshika kitabu cha Kanuni yake. Pembeni yake kuna kikombe na kunguru. Kikombe ni kile alichowekewa sumu, kikapasuka alipokibariki. Kunguru ndiye aliyeubeba mkate wenye sumu akaenda kuutupa mbali. Ukingoni yamezunguka maneno ya Kilatini yanayoomba kwamba saa ya kufa kwetu tulindwe kwa kuwapo kwake.

Geuza upande wa pili. Hapo hakuna sura ya mtu. Kuna msalaba, na ndani ya msalaba na kuuzunguka kuna herufi zilizoachanachana: V, R, S, N, S, M, V, na nyingine zaidi. Huwezi kuzisoma, kwa sababu kila herufi ni mwanzo wa neno. Anayeijua siri yake akiyaunganisha maneno hayo, anapata usemi wa kumfukuza Shetani na kumwambia sumu yake ainywe yeye mwenyewe.

Na umaarufu wa herufi hizo ulitokea wapi? Ulitokea kwenye kesi ya uchawi. Mwaka 1647, pale Natternberg katika Bavaria, wanawake walishtakiwa kwa uchawi. Masimulizi ya watawa yanaeleza kwamba wanawake wale walisema hawakuweza kuudhuru utawa wa Metten uliokuwa jirani, kwa sababu ulikuwa chini ya ulinzi wa msalaba. Watu wakaenda kuchunguza, wakakuta misalaba imechorwa kwenye kuta za utawa pamoja na herufi zile, na hakuna aliyejua maana yake mpaka ulipopatikana katika maktaba mswada wa karne ya 15 wenye maneno kamili. Kuanzia hapo medali zikaenea Ujerumani. Papa Benedikto wa 14 akaziidhinisha katika miaka ya 1740, na umbo tunalolijua leo lilitengenezwa mwaka 1880, katika jubilei ya miaka 1,400 tangu kuzaliwa kwa Benedikto.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu maalumu. Wamisionari waliokuja kusini mwa nchi yetu walitoka mahali palepale ambapo watu walikuwa wakiogopa uchawi kama sisi, wakijikinga kama sisi, na wakiuana kwa wingi kwa tuhuma za uchawi. Wanahistoria wanakadiria kwamba Ulaya iliua kati ya watu 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18, wengi wao wanawake, na nchi za Kijerumani ndizo zilizoongoza. Sisemi haya kumsuta mtu. Nataka tuzungumze tukiwa tumekaa kwenye mkeka mmoja.

Sasa tutoke abasiani tuende kwa mwalimu wa madrasa. Wayao wa Masasi na Tunduru waliingia katika Uislamu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na hirizi ya karatasi ilikuja na wale waliojua kuandika. Mwalimu huchukua karatasi, huchovya kalamu kwenye wino, mara nyingi wa zafarani, huandika aya. Ayatul-Kursiyyu haikosi, na zile sura mbili za mwisho wa Kurani, Falaki na Nasi, ambazo ni za kuomba hifadhi. Karatasi hukunjwa, hukunjwa tena mpaka iwe ndogo kama punje kubwa ya korosho, hushonewa ndani ya ngozi au kitambaa, kisha hutiwa uzi. Mwingine hapewi cha kuvaa. Huandikiwa kombe: maneno yanaandikwa kwenye sahani nyeupe, yanaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa anayanywa. Kinga hiyo inaingia tumboni.

Ndani ya hirizi nyingi kuna zaidi ya aya. Kuna khatimu. Chukua kalamu, msikilizaji, tuichore pamoja. Chora vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Safu ya juu andika nne, tisa, mbili. Safu ya kati andika tatu, tano, saba. Safu ya chini andika nane, moja, sita. Sasa jumlisha. Safu ya juu inakupa kumi na tano. Ya kati, kumi na tano. Ya chini vilevile. Jumlisha kutoka juu kwenda chini, kila mstari ni kumi na tano. Jumlisha kutoka pembe hadi pembe, kumi na tano. Popote adui atakapoingilia, anakuta mlango uleule umefungwa. Na ukizitazama namba za pembe nne, mbili, nne, sita na nane, kwa hesabu ya abjadi zinakuwa herufi za be, dali, wau na he. Ndiyo maana katika vitabu vya elimu hiyo khatimu hii huitwa Buduhu.

Mraba huohuo, kwa namba hizohizo, unajulikana China tangu zamani sana, na hadithi yao ni kwamba ulionekana kwenye mgongo wa kobe aliyetoka mtoni. Waarabu waliujua karne nyingi kabla ya hirizi ya kwanza kushonwa Masasi. Ulaya nayo ikaipokea elimu hiyo: mwaka 1514 Mjerumani Albrecht Dürer wa Nuremberg, fundi wa picha za kuchonga, alichora picha ya malaika aliyeinamisha kichwa akiwaza, na ukutani juu yake akaweka mraba wa vyumba kumi na sita ambao kila safu inatoa 34. Katika safu ya chini akauficha mwaka wake, 15 na 14 zikiwa bega kwa bega. Wasomi wa wakati ule waliujua mraba wa namna hiyo kuwa kinga ya nyota ya Mshitarii. Kwa hiyo mtoto wa Lukuledi aliyefungwa khatimu mkononi na mwanazuoni wa Nuremberg walikuwa wanafunzi wa darasa moja, ingawa hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nije kwenye majina, maana hapa ndipo jambo langu la leo lilipo. Neno hirizi ni la Kiarabu, na asili yake ni kuhifadhi, kulinda. Wasomali wanalo pia, na wao wamelifanya jina la mtu: ukisikia mwanamume anaitwa Hirsi, ameitwa kinga. Kule India na Pakistani husema taawizi, kutoka mzizi uleule wa Audhubillahi ambayo Mwislamu huisema kila siku akitaka hifadhi ya Mungu. Wahausa wa Nigeria husema laya, na hiyo ni aya. Waturuki wana muska, na hiyo ni nuskha, maandishi yaliyonakiliwa. Wagiriki wa kale walikuwa na neno filakterion, nalo linatoka kwenye kitenzi cha kulinda. Wagiriki haohao walikuwa na telesma, lililohusu kukamilisha ibada. Waarabu wakalichukua likawa tilsamu, sisi tukalipokea likawa talasimu, na Wazungu wakaja kulipokea kutoka kwa Waarabu karne nyingi baadaye, wakidhani ni neno la mashariki kumbe lilitoka mlangoni kwao. Warumi walisema amuletum; mzee Plinio, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, alilitumia katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya dunia, na ndilo linalotumika Ulaya mpaka leo. Waingereza wana neno jingine linalotoka kwenye Kilatini carmen, yaani wimbo, kwa sababu kabla kinga haijaandikwa ilikuwa ikiimbwa.

Mbona majina haya yote yanakubaliana? Moja linasema kulinda, jingine kuomba hifadhi, jingine aya, jingine andiko, jingine wimbo. Yote ni majina aliyotoa mvaaji. Yanataja kazi ya kitu, au yanataja maneno yaliyomo ndani yake.

Lakini lipo neno moja lililotolewa na mtazamaji. Mabaharia wa Kireno walipofika pwani ya Afrika ya Magharibi katika karne ya 15, waliona watu wamevaa vitu shingoni na kuweka vitu milangoni, wakaviita feitiço. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichotengenezwa, kitu cha kubuni. Hakuna kulinda ndani ya neno hilo, hakuna kuomba. Ni mikono tu na kitu. Mwaka 1760 Mfaransa Charles de Brosses akaandika kitabu kizima juu ya ibada za vitu hivyo, na tangu hapo Ulaya ikawa na jina la kuiita dini ya Mwafrika. Na Wareno waliotoa jina hilo walivuka bahari wakiwa na misalaba na medali za watakatifu vifuani, na hizo hawakuziita feitiço. Neno lao lilifika hadi ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wenzetu wa Mueda walitawaliwa kwa Kireno, na ukivuka mto leo utalisikia.

Wamakonde wenyewe wana maneno yao, na ni maneno ya watu waliofikiri. Dawa zote, za kuponya na za kukinga, ni mitela, na mtela kwa Wayao ni mti na ni dawa pia. Uovu wenyewe ni uwavi. Na kuna kitenzi ambacho wazee wa Mueda wanakipa heshima kubwa, kupilikula: kupindua, kugeuza, kumrudishia mwovu kile alichokileta. Kumbuka herufi za ile medali, zinazomwambia Shetani ainywe sumu yake mwenyewe. Mzee wa Mueda angeielewa medali hiyo mara moja, bila kufundishwa Kilatini.

Msikilizaji, hatuwezi kuzungumza juu ya kinga katika nchi hii bila kuufikia mwaka 1905. Julai ya mwaka huo, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa dawa: maji, yaliyochanganywa na mtama na mahindi. Watu waliyanywa, walinyunyiziwa, na wengine waliyabeba katika vipande vya mwanzi au tete vilivyoning'inizwa shingoni. Risasi ya Mjerumani ingegeuka maji. Wajumbe walioitwa hongo wakaipeleka dawa hiyo kusini na magharibi, na haikuuliza kabila. Mtu wa Umatumbi, Mngindo, Mmwera, Mngoni, wote walikunywa maji mamoja. Hilo ni jambo ambalo hakuna mfalme aliyekuwa ameliweza kabla ya hapo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haijafikisha hata mwezi, lakini dawa iliendelea kutembea.

Ikafika kwetu. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenedikto, aliuawa katika safari ya Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni ya Nyangao ikachomwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Lukuledi ikachomwa. Misheni ya Kianglikana ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani Unguja, iliachwa na watu wake wakakimbia, nayo ikaharibiwa. Ndanda yenyewe, hii tunayoishi, ilizaliwa mwaka uliofuata kwa sababu Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimebaki majivu.

Halafu bunduki za rashasha zikajibu. Pale Mahenge, mwishoni mwa Agosti, watu waliokunywa maji walilikabili boma wakiwa wamejipanga, wakakatwa kama majani. Walipoona maji hayazuii risasi, wengi hawakuacha kupigana. Waliendelea kwa mishale na kwa kuvizia mpaka mwaka 1907. Wajerumani wakageukia chakula: wakachoma vihenge na mashamba. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ni watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliokusanya masimulizi ya wazee, akiwamo Mtanzania Gilbert Gwassa, wanaifikisha 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Nimewasikia watu, hata wasomi, wakilitaja tukio hilo kwa kutikisa kichwa: wazee wetu walidanganywa na maji. Mimi siwezi kulisema hivyo. Wale masista na mabruda walikuwa watoto wa Mtakatifu Benedikto, mtakatifu wa ile medali, na mikuki iliwapata. Hakuna anayesimama kanisani kusema kwamba walidanganywa na medali. Tunasema walikufa na imani yao, na ni haki kusema hivyo. Basi mzee wa Kimwera aliyekufa na kijipande cha mwanzi shingoni tumpe neno hilohilo. Alikuwa na woga kama mtu yeyote, akapewa kitu cha kumsimamisha mbele ya bunduki, akasimama.

Na viongozi wa dini, wa upande wa medali na wa upande wa hirizi, wana maelezo yanayofanana kiasi cha kushangaza. Muulize padri, atakwambia medali ni kisakramenti, haina nguvu yenyewe. Nguvu ni sala na imani ya mvaaji. Muulize mwalimu anayeandika hirizi, atakwambia hirizi hailindi, Mungu ndiye anayelinda, na karatasi ni ombi tu lililoandikwa. Wapo masheikhe wanaokataa kabisa, wakishika hadithi za Mtume zinazokataza kuning'iniza tamima, yaani vitu vya kinga, na ubishi wao na wale wanaoruhusu aya za Kurani una karne nyingi. Wapo pia walokole wanaowachomea watu hirizi hadharani siku ya mkutano. Mimi siingilii fatwa ya mtu wala mahubiri ya mtu. Ninachokiona ni kwamba kila mmoja anajua kutofautisha ombi na kitu pale kitu kinapokuwa chake. Kikiwa cha jirani, tofauti hiyo inasahaulika.

Twende kwa mtoto, maana mtoto ndiye mvaaji wa kwanza. Roma ya kale, mtoto wa kiume wa watu huru alivishwa kidude cha duara kiitwacho bulla siku chache baada ya kuzaliwa. Wenye mali walivaa cha dhahabu, wengine cha ngozi. Alikaa nacho utoto wote, na siku alipovaa vazi la kiume, akiwa na miaka kama 15, alikivua akakiacha kwa mizimu ya nyumba yao. Mtu wa uwanda huu haelezwi maana ya jambo hilo mara mbili. Na sisi mtoto ana kinga zake za utotoni, uzi mweusi kiunoni au mkononi, na ana siku yake ya kutoka utotoni, yaani jando. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alilitambua hilo tangu mapema karne iliyopita, akakataa kulifuta jando, akalipatia sala za Kikristo. Wapo waliomlaumu kwa kwenda mbali mno, na wapo waliomlaumu kwa kupunguza mno. Mimi namheshimu kwa sababu aliuliza kwanza lile jambo linafanya kazi gani, kabla ya kulipa jina.

Nimeshamwona mtoto akiingizwa wodini homa imempanda, ana uzi mweusi kiunoni na kifuko kidogo cha ngozi kwenye uzi huo. Muuguzi mmoja akataka kukikata kwa mkasi, akisema ni uchafu. Bibi wa mtoto akakishika kwa mkono wote. Muuguzi mwingine, mtu mzima, akasogea akasema, "Mama, tukisogeze tu nipate mahali pa kuweka dripu, kisha kitarudi." Kikasogezwa, sindano ikaingia, hakuna aliyeshindana tena na mwenzake. Pale Ndanda matibabu ya hospitali yana umri mrefu. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alifika katika miaka ya 1920 na akawahudumia mpaka wagonjwa wa ukoma. Tumekuwa na muda wa kutosha wa kujifunza kwamba uzi haumzuii mtoto kutibiwa. Kinachomzuia ni kuchelewa nyumbani, na mama aliyetukanwa safari ya kwanza huchelewa zaidi safari ya pili. Naomba hapa nieleweke vizuri: mtoto wa homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Hirizi yake aende nayo kama mama anataka, lakini aende.

Kwani kinga ya hospitali yenyewe imepata jina wapi? Chanjo. Wazee wanaonisikiliza wanajua kuchanja ni nini. Ni wembe, ni chale ndogo kifuani, mgongoni au kwenye viungo, na dawa inayosuguliwa humo ili iingie mwilini ikakae humo na kulinda. Wataalamu walipokuja na sindano ya ndui, Waswahili hawakuhangaika kutafuta neno geni. Walitazama mkono unafanya nini: unachana ngozi, unaingiza kitu kidogo, na mtu anakingwa. Wakasema anachanjwa. Wapo wazee uwandani wenye alama zote mbili mwilini, chale za fundi na kovu la chanjo begani. Hawakuona kwamba moja inaifuta nyingine. Na ndui imekwisha duniani; mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali wa Merca, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa salama. Chanjo imetimiza kwa ndui ahadi ambayo hirizi na medali ziliomba tu. Ni haki tuliseme hilo waziwazi, na wenye watoto wa kupeleka kliniki walisikie.

Mkulima wetu wa mikorosho amelielewa jambo hili vizuri. Nenda mashambani msimu wa maua, utamkuta na mashine mgongoni anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa uliotuharibia korosho tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwenye mti wa mpakani utakuta amening'iniza kago, labda chupa, labda kitambaa chekundu, dhidi ya mwizi. Hatundiki chupa ili kuzuia ubwiriunga. Wala hapulizi salfa ili kumzuia mwizi. Kila adui amempangia kinga yake.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nizungumze leo. Kuna kinga na kuna shambulio. Wazee waliyatenganisha kabisa, na lugha zetu zote bado zinayatenganisha: mitela upande huu, uwavi upande ule. Hata sheria ya uchawi tuliyoirithi kwa Waingereza, ya mwaka 1928, kiini chake ni kudhuru. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, mahubirini, na hata kwetu sisi wa redio, tumeyatupa yote ndani ya kapu moja tukaliita ushirikina. Bibi aliyefunga uzi kwa mjukuu na mtu aliyetuma watu wakate mkono wa binadamu mwenzao wameandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Tangu mwaka 2007 hivi, hasa kule Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna waliodanganywa kwamba viungo hivyo vinaleta mali. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akilizungumzia. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Mathias Chikawe, aliyekuwa pia mbunge wa hapa jirani Nachingwea, alitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Polisi wakawa na jina zuri kwa watu hao: wapiga ramli chonganishi. Jina hilo nalipenda kwa sababu linataja kazi yao. Mpiga ramli anayemwambia kijana kwamba mama yake mdogo ndiye aliyemroga mtoto, huyo ameshauanza uuaji kwa mdomo.

Lakini katika taarifa nyingi za mauaji yale tulisoma na kutangaza kwamba viungo vilitakiwa kwa ajili ya "hirizi za utajiri". Hapana. Hirizi ina maana ya kuhifadhi. Hakuna aliyehifadhiwa pale. Tukimpa muuaji neno hilo, tunampa na heshima ya neno hilo, na kwa upande mwingine tunamvisha kila mama mwenye uzi wa mtoto tuhuma ya damu. Wanaoumia mara mbili ni watu wenye ualbino, ambao wanauawa, kisha mauaji yao yanatangazwa kana kwamba ni habari za mila.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wanaosoma taarifa za habari, hapa kusini na kwingineko: mkikuta mkono wa mtu kwenye mfuko wa mtu, semeni mkono wa mtu. Semeni mauaji, semeni jina la kosa na kifungu chake mahakamani. Na ninyi wazee wa Chiwata, wa Newala, wa Nanyamba, wa Mkomaindo, mnaojua kinga za mtoto zinaitwaje kwa Kimakonde, kwa Kiyao na kwa Kimakua, na kila moja ni ya kukinga nini, na huvuliwa lini, tuleteeni majina hayo. Kijana aandike kwenye karatasi, babu au bibi aseme. Tutayasoma hapa juma lijalo, saa hizihizi, moja baada ya jingine.